Mlima wa Chuma wa Kajaga

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki, katika bustani ya nyumba moja ya Kigobe, nikasikiliza uongo ukisomwa kwa kipaza sauti. Ilikuwa siku ya kumaliza msiba wa Bwana Salvatori. Mahema meupe yalikuwa yamepangwa vizuri, vinywaji vilipita mikononi mwa wasichana waliovaa sare, na mpwa wa marehemu, kijana msomi mwenye suti ya buluu, alisoma maisha ya mjomba wake ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika mwaka 1997 alisema kwamba, wakati jiji lote lilikuwa linalia, marehemu aliwajengea watoto wa Bujumbura reli ya michezo ya kwanza kuonekana nchini, ile inayopanda na kushuka, ambayo Wafaransa huiita milima ya Kirusi. Kazi hiyo nzuri, akaendelea, iliharibiwa na fundi mgeni mwenye roho mbaya, lakini moyo wa marehemu haukuvunjika. Watu wakaguna kwa masikitiko. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akasema, "Aa, bale bantu ba Zaire, we!" Nikaweka Fanta yangu chini, nikainuka na kuondoka bila kumuaga mtu, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu usiosahaulika, nikatembea kwa miguu mpaka Bwiza huku nimekunja ngumi kama mtu anayekwenda kupigana.

Fundi huyo mgeni alikuwa anaitwa Wilonja. Sisi tulimwita Papa Wilonja, na roho mbaya hakuwa nayo. Yeye alipofariki ng'ambo ya mpaka, Uvira, nchi ile iliyokuwa Zaire, hakuna mpwa aliyesoma kitu, na hata habari yenyewe ilinifikia ikiwa imechelewa miezi miwili. Naandika sura hii ili jina lake lisafishwe. Najua kwamba nikilisafisha la kwake, la kwangu litachafuka kidogo, na acha lichafuke, kwa sababu nilikuwepo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, mpaka nikachoka kubeba daftari kwenda kuangalia mlango wenye kufuli. Nikapata kazi jikoni kwenye baa ya Bwana Salvatori kule Kajaga, ufukweni mwa ziwa. Tulipelekwa asubuhi kwa pikapu yake na kurudishwa mjini kabla ya saa tisa, maana baada ya hapo vizuizi vya barabarani havikuwa na mzaha. Kuna asubuhi tuliosha sahani huku tukisikia risasi upande wa Rukoko, na mpishi mkuu akatuambia tuoshe haraka, kana kwamba risasi zilikuwa zinasubiri sahani. Wateja walikuwa wachache: maofisa, wafanyabiashara wachache, wazungu wa misaada wawili watatu. Wote walikuja mchana, wakala mukeke, samaki wetu wa ziwani, wa kuchoma, wakaangalia maji, wakaondoka mapema. Bwana Salvatori aliwahi kwenda Ubelgiji na huko akapandishwa kwenye reli ya michezo. Aliporudi alikuwa na wazo moja tu kichwani. "Bantu bakipanda pale na kulia juu ya furaha," alituambia, "dunia yote itajua amani imerudi." Amani yenyewe haikuwa imerudi. Ila yeye alikuwa na marafiki wakubwa waliotaka ionekane imerudi, na kwa watu wa namna hiyo kuonekana kunatosha.

Papa Wilonja alikuwa amevuka mpaka mwishoni mwa mwaka uliotangulia, Uvira ilipowaka vita. Kwao alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari kule bondeni, na kwa miaka mingi alitunza vile vibehewa vidogo vilivyobeba miwa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole vilivyokakamaa, asiyepandisha sauti. Bwana Salvatori alimpa kazi na akampa chumba cha stoo nyuma ya jiko. Nakiona chumba kile mpaka leo waziwazi kuliko ninavyoona vyumba vingi nilivyolala mwenyewe. Kulikuwa na magunia ya makaa upande mmoja, harufu ya ndagala, yaani dagaa, waliokaushwa upande mwingine, godoro juu ya mbao nne, na friza iliyokufa ambayo yeye aliifanya kabati: ndani shati, sabuni na vyombo vya kazi, juu yake kitabu kimoja. Kitabu hicho kilikuwa juzuu moja ya ensaiklopidia ya Kifaransa, ya herufi M, kutoka maktaba ya misheni iliyotawanywa wakati wa fujo. Juzuu nyingine hakuwa nazo na hakuzitafuta. Alikuwa ameambiwa na padri mmoja mzee kwamba humo ndani kuna "montagnes russes," na hilo lilimtosha.

Tatizo lake lilikuwa kwamba Kifaransa alichokijua ni majina ya vipuri tu. Basi mchana, tukikaa sakafuni stoo, yeye, mimi na vibarua watatu, sinia la ugali wa muhogo katikati na ndagala wa pilipili au maharage na mboga ya lengalenga, aliniambia, "Soma, mama." Mimi nikasoma kwa Kifaransa na kugeuza kwa Kiswahili, na wao wakatafuna na kubisha. Ndivyo tulivyojua kwamba mambo haya yalianza Urusi, kwenye baridi, ambako watu walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji mpaka yakaganda, wakateleza juu yake wakiwa wamekaa kwenye vipande vya barafu. Kibarua mmoja akaacha kutafuna. "Na banalipa juu ya kuogopa?" akauliza. "Siye hapa tunaogopa bure kila siku!" Tukacheka mpaka mpishi akaja kuchungulia. Halafu Wafaransa wakachukua vilima hivyo kwao, na kwa kuwa Paris barafu haikai, wakaweka magurudumu chini ya kiti, na baadaye mfereji wa kushikilia magurudumu hayo yasichomoke. Amerika nako kulikuwa na reli ya mgodi iliyoshusha makaa ya mawe mlimani kwa uzito wake yenyewe. Nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi, ndio waliovuta vibehewa vitupu kupanda, na wakati wa kushuka walipakiwa kwenye kibehewa chao wakashuka wamesimama wakipigwa na upepo. Kitabu kilisema walipozoea starehe hiyo, walikataa katakata kushuka kwa miguu. Papa Wilonja alizipenda sana habari za nyumbu hao. Aliniomba nizirudie karibu kila wiki, na kila mara alicheka mahali palepale.

Lakini hatukuwa tunacheka tu. Tuliposoma kwamba Mmarekani aliyejenga moja ya reli za kwanza ufukweni alikuwa mtu wa kanisa, aliyetaka vijana wapate burudani nyingine waache kukaa baa, Papa Wilonja akaangalia mlangoni, kule ambako makreti ya bia yalipangwa mpaka dari, akasema taratibu, "Siye tumegeuza." Na tulipofika ukurasa wenye michoro alinisimamisha, akanawa mikono, akakichukua kitabu. Mchoro mmoja ulionyesha magurudumu yamekatwa katikati: moja juu ya reli, moja ubavuni, moja chini yake, yote matatu yameikumbatia reli moja. Kitabu kilieleza kwamba zamani kulikuwa na magurudumu ya juu tu, na mwendo ukiwa mkali behewa liliruka likaacha njia; ndipo mtu mmoja akabuni gurudumu la chini, na tangu siku hiyo milima ikaweza kuwa mirefu. Kilieleza pia habari za meno ya chuma yanayolia tak-tak wakati wa kupanda, yanayozuia behewa lisirudi nyuma kamba ikikatika. Papa Wilonja alikaa na ukurasa ule muda mrefu, ugali ukapoa. "Unaona hii, mama?" aliniambia. "Hakuna mutu aliamuka asubuhi akasema, leo nitaweka gurudumu chini. Kuko mutu alikufa kwanza. Hapa kila chuma iko na mutu wake." Nimewasikia wahandisi wengi tangu hapo, wengine wenye vyeti vilivyowekwa kwenye fremu, na hakuna aliyewahi kuniambia neno lenye akili kama hilo.

Alijenga kwa miezi mitano. Reli yake ilikuwa ya mabomba ya chuma, yaliyobaki kutoka mradi wa maji uliokufa vita ilipoanza. Aliyapinda kwa moto na kwa gogo, akayaunganisha kwa kuchomelea, akayapandisha juu ya nguzo mpaka urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Kutoka pale juu reli ilishuka kwa kasi kuelekea ziwani, ikapanda nundu moja, ikashuka tena, ikazunguka taratibu na kurudi mahali ilipoanzia. Mtambo wa pampu ya maji ndio uliovuta behewa kupanda. Behewa lilikuwa moja, lenye safu nne za watu wawili wawili, na alilipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya baa. Sisi tuliita kitu kile "mulima" tu. Mchana, tukisubiri pikapu ya kurudi mjini, nilikuwa nautazama nikajisikia fahari ya kijinga, kana kwamba nimeuzaa mimi, kwa sababu tu nilisoma kurasa kumi na moja za Kifaransa.

Kilichokosekana kilikuwa kidogo sana. Magurudumu ya chini ya mbele aliyafunga mapema. Ya nyuma yalihitaji beringi mbili, zile pete za chuma zenye gololi ndani, ambazo yeye aliziita rulema, na rulema za kipimo kile zilikuwa hazipatikani mjini. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka na kila kipuri kilikuwa hadithi. Akaenda kwa Bwana Salvatori. Nilikuwa naweka meza barazani, nikasikia yote.

"Patron, naomba wiki mbili," Papa Wilonja alisema. "Kuko mutu atanitafutia rulema Bukavu. Ni mbili tu, apana ine."

"Wilonja, mi nimekwisha alika bantu. Fête ya Juillet haiwezi kungojea rulema yako. We haujui kama kuko embargo?"

"Najua, Patron. Lakini mbele inashikwa na chuma, nyuma inashikwa na uzito tu. Bila uzito, nyuma itaruka."

"Basi weka uzito!" Bwana Salvatori akasema, akarudi kwenye sahani yake.

Wiki hiyohiyo pikapu ilileta katoni sita za mvinyo wa Ufaransa, jibini iliyofungwa kwa karatasi ya dhahabu, na mashine ya kutengeneza barafu. Mipaka ilikuwa imefungwa kwa rulema mbili, haikuwa imefungwa kwa jibini. Mimi ndiye niliyeipanga kwenye friji. Mpaka leo mtu akianza kunieleza jinsi vikwazo vile vilivyotubana "sisi sote," huwa namwomba anisamehe, nasimama na kwenda kufanya kitu kingine, kwa sababu nikibaki nitasema maneno yasiyofaa mezani.

Papa Wilonja aliweka uzito. Alijaza maji ya ziwa kwenye chupa tupu za bia, akazipanga ndani ya makreti, na kwa makreti hayo akaupima mlima wake siku nzima, sisi tukihesabu kwa sauti. Makreti yakijaa safu ya nyuma, behewa lilipita nundu likiwa limetulia, likarudi, na hakuna chupa iliyopasuka. Halafu akaniita nisimame karibu naye. Akayatoa makreti ya nyuma, akayaweka yote mbele, akaachia. Kwenye nundu mkia wa behewa ulinyanyuka hewani karibu kiganja kizima, ukaanguka na kishindo, na chupa zikamwagika mchangani zikawa vigae. "Umeona?" akaniuliza. Nikasema nimeona. "Basi we njo utakuwa chini, mi niko juu ku mashine. Safu ya nyuma isikae bule hata mara moja. Kama bantu hawajae, makreti ibaki. Bazito bakae nyuma." Akapaka namba kwenye viti kwa rangi nyeupe, moja ikiwa nyuma kabisa, ili watu wajaze kuanzia huko. Niliona, nikaelewa, nikakubali kazi hiyo mbele ya vibarua watatu.

Siku ya sikukuu ya uhuru, mwezi wa saba, kulikuwa na bendera, brosheti za nyama, muziki wa kaseti, na wake za wakubwa wenye viatu vilivyozama mchangani. Watoto walioahidiwa mlima ule walikuwa wameletwa kutoka shule mbili, wakawekwa nyuma ya kamba, juani, kusubiri wakubwa waanze. Alikuwepo kanali mmoja, bwana mnene wa wizara, na Bwana Salvatori mwenyewe akitokwa jasho la furaha. Pia alikuwepo mtu wa itifaki, mwenye karatasi mkononi, ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani anakaa wapi. Kwetu mkubwa hukaa mbele. Kanisani, kwenye harusi, kwenye mahema ya msiba, kiti cha mbele ni chake, na nyuma yake huachwa nafasi, kwa sababu si heshima kumpumulia mkubwa shingoni. Mtu wa itifaki alifanya kama anavyofanya siku zote. Kanali na bwana wa wizara safu ya kwanza, Bwana Salvatori peke yake safu ya pili, basi. Zile namba nyeupe aliziangalia, akadhani zimepakwa kwa makosa, akasoma kinyume. Halafu mpiga picha akainua kamera, na mtu wa itifaki akaona makreti.

"Hii makreti inafanya nini huku? Photo itatoka na makreti ya bia nyuma ya bakubwa? Ondoa!"

"Ni uzito, Bwana," nikasema. "Papa Wilonja alisema safu ya nyuma..."

"Nani alikuuliza? Ondoa, mbiyo!"

Nikamtazama Bwana Salvatori. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, na ndiye aliyeambiwa juu ya uzito huo kwa mdomo wa fundi mwenyewe. Alinikazia macho na kufanya ishara ndogo ya mkono, ile ya kufukuza inzi. Nikayashusha. Makreti manne, moja baada ya jingine, kwa mikono yangu hii, chupa zikigongana. Nilijua ninachofanya. Hiyo ndiyo sehemu ambayo nimejaribu kuisimulia kwa namna nyingi miaka yote hii, na kila namna inaishia palepale: nilijua.

Mtambo ukaanza, behewa likapanda likilia tak-tak. Kule juu Papa Wilonja alikuwa amejiinamia kwenye injini, na alipogeuka behewa lilikuwa linavuka kilele. Aliona vichwa vitatu mbele na viti vitupu nyuma. Kuzima mtambo kulikuwa kumechelewa, na kulirudisha hakukuwezekana, meno ya kuzuia aliyaweka yeye mwenyewe, kama kitabu kilivyosema. Alipaza sauti, ila muziki ulikuwa juu. Basi akafanya kitu kimoja kilichobaki. Behewa lilipopita mbele yake, yule mtu mwembamba aliruka ndani ya safu ya nyuma, akalala kifudifudi juu ya viti na kukumbatia vyuma, ili awe uzito. Wageni wakapiga makofi, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Behewa likashuka, likafika kwenye nundu, na mkia ukanyanyuka naye. Nilimwona angani. Alianguka kando ya nguzo, na behewa likaburuzwa likiwa limening'inia kwa magurudumu ya mbele mpaka likasimama lenyewe kwenye mzunguko. Wakubwa watatu walishuka wakiwa wazima kabisa. Bwana wa wizara alipoteza miwani, na nusu ya watu pale walikimbilia kuitafuta miwani hiyo kabla ya mtu yeyote kumkimbilia Papa Wilonja, ambaye mguu wake ulikuwa umevunjika mara mbili na mfupa unaonekana. Miwani, jamani.

Siku ya tatu niliitwa kwenye ofisi moja ya Kigobe. Ilikuwa sebule ya zamani iliyogeuzwa ofisi, yenye zulia jekundu, mapazia yaliyofungwa, na meza ndefu yenye chupa ya maji ambayo hakuna aliyeifungua. Walikuwa wanaume wanne na karani mwenye taipureta. Bwana Salvatori alikaa ubavuni pangu kama mzazi. Waliuliza kwa upole. Papa Wilonja alitoka kijiji gani? Alikuwa anasikiliza redio gani? Alikuwa anaongea na nani huko kwao? Kwa nini aliruka ndani ya behewa, alitaka kuhakikisha linaanguka? Kitabu kile cha herufi M kilikuwa mezani kama silaha iliyokamatwa, na mmoja wao alikuwa anakifungua na kukifunga. Walitafuta mtu wa kubebeshwa lawama ya kutaka kuwaua wakubwa, na kati ya wanyonge wote wa Bujumbura wakati ule, mgeni alikuwa rahisi zaidi. Kuhusu rulema hawakuuliza. Namba nyeupe hazikutajwa. Behewa lenyewe, mahali lilipoacha reli na jinsi lilivyoiacha, halikumsumbua mtu hata mmoja chumbani mle.

"Mukobwa, usiogope," mwenye faili akaniambia mwishoni. "Ni Wilonja njo alikutuma utoe yale makreti?"

Nikainamisha kichwa nikaangalia zulia. Msichana aliyelelewa vizuri hakodoi macho mbele ya wazee, na wala habishani nao. Hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kusoma. Nilikuwa natafuta jinsi ya kusema bila kumvunjia mtu heshima, na nilikuwa naogopa, yote mawili kwa pamoja.

"Munaona," Bwana Salvatori akasema kwa huruma, akiniwekea mkono begani. "Amekubali."

Taipureta ikalia. Sikusema ndiyo. Najua kwamba sikusema ndiyo, na nimejisemea hivyo mara nyingi mpaka maneno yenyewe yamenichosha, kwa sababu ni kweli pia kwamba nilikuwa na mdomo. Papa Wilonja alipakiwa kwenye lori akiwa na mguu uliofungwa kwa vipande vya mwanzi, akatupwa mpakani Gatumba na karatasi inayosema asirudi tena. Mlima ulibomolewa mwezi huohuo. Yale mabomba aliyoyapinda kwa moto ndiyo uzio wa bustani ile niliyokaa mwezi uliopita, yamepakwa rangi nyeupe, na mpwa mwenye suti ya buluu alisomea uongo wake akiwa ameyaegemea. Wale watoto wa shule mbili hawakupanda hata mmoja. Wao ndio waliotajwa kwenye hotuba.

Ilinichukua miaka saba kuvuka mpaka. Mwaka 2004 barabara ilikuwa imetulia kiasi, nikaenda Uvira, nikauliza soko zima mpaka nikaonyeshwa kibanda ambako mzee mmoja kilema alikuwa anatengeneza baiskeli. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooka kama fimbo. Alinitazama kidogo tu.

"Ni we, mama ya kitabu."

"Ni mi, Papa."

Mkewe akaleta kigoda, akaleta ugali na sombe, yale majani ya muhogo, bila kuniuliza kama nina njaa. Nilikuwa nimekariri maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Nikayaanza. Papa Wilonja akainua mkono wake wenye grisi.

"Ngoja. Niambie kwanza kintu kimoja. Mi sikuona. Niliona mbingu, kiisha nikaona muchanga. Magurudumu gani ilitoka kwanza, ya mbele ao ya nyuma?"

"Ya nyuma, Papa. Ya mbele ilishika mpaka mwisho."

Alifumba macho. Kwa miaka saba, akaniambia, alikuwa analala akifikiri kwamba pengine alichomelea vibaya, kwamba kiungo cha mbele kilikatika na yeye karibu aue watu watatu kwa mkono wake. Alikuwa hata ameacha kuchomelea. Alikuwa anakubali kazi za baiskeli tu, ambazo hazikuhitaji moto.

"Basi si soudure yangu."

"Apana, Papa. Soudure yako ilikuwa nzuri."

Akachukua tonge, akalishika bila kulila.

"Balikuuliza hiyo, bale ba Kigobe?"

"Apana."

"Na we haukusema."

Hakuuliza. Alisema tu. Nikajibu kwamba nilikuwa mtoto.

"Ulikuwa na miaka makumi mbili," Papa Wilonja akasema. "Na ulikuwa unajua Kifaransa. Kula, mama, ugali inapoa."

Nikala. Hakunifukuza, hakunisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza tena. Aliishi miaka minne baada ya hapo, na nasikia alianza tena kuchomelea, malango na vitanda. Hasira yangu dhidi ya Bwana Salvatori, dhidi ya mtu wa itifaki na wale wanaume wanne kwenye zulia lao, haijapungua hata kidogo kwa sababu mmoja wao amekufa na kuimbiwa. Lakini siwezi kuwadai wao waseme ukweli wakati mimi bado nimeinama naangalia sakafu. Basi na iandikwe. Makreti manne niliyatoa mimi, kwa amri ya mtu wa itifaki, Bwana Salvatori akiona na kuelewa. Magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyotoka kwanza, kwa kukosa rulema mbili ambazo fundi aliziomba kwa mdomo wake. Na lile swali nililoulizwa Kigobe, jibu lake ni hapana.